Juliet anapoachana na somo wake: tathmini ya onyesho la Upanga

Onyesho la Romeo na Juliet, tamthilia ya Shakespeare kuhusu mapenzi ya vijana wawili wa koo zenye uadui, ambalo kikundi kimoja cha vijana wa Dar es Salaam kinalicheza kwa Kiswahili, jioni za Ijumaa na Jumamosi, katika ukumbi mmoja mdogo wa Upanga, lina kasoro za kutosha kumfanya mtazamaji asiye na subira anung'unike njia nzima hadi nyumbani. Linaanza kwa kuchelewa, muziki wake unafunika maneno, na hotuba moja muhimu imekatwa karibu yote. Pamoja na hayo ninalipendekeza bila kusita, kwa sababu limefanya jambo ambalo maonyesho mengi ya tamthilia hii hayalifanyi: limemchukulia Juliet kuwa mtoto anayekua, na limetambua kwamba saa ya kukua kwake haimkuti rohoni mwa mapenzi, pale kwenye roshani, inamkuta chumbani mwake asubuhi moja, wakati watu wazima wote aliowategemea wanapomwacha mmoja baada ya mwingine.

Shakespeare mwenyewe aliuwekea umri wa binti huyu mkazo usio wa kawaida. Hadithi aliikuta tayari. Katika utenzi wa Arthur Brooke uliochapishwa mwaka 1562, ambao ndio aliouegemea zaidi, Juliet anakaribia miaka 16, na mambo yote yanachukua miezi. Alipoiandika tamthilia yake katikati ya miaka ya 1590, Shakespeare alimpunguzia umri hadi miaka 13, kisha akayabana mapenzi, ndoa, mauaji, uhamisho na mazishi katika siku zisizotimia wiki, kuanzia Jumapili asubuhi hadi alfajiri ya Alhamisi. Wala hakuuacha umri huo upite kimyakimya. Baba mtu, mzee Capulet, anamwambia Paris, kijana mwenye cheo aliyekuja kuposa, kwamba binti yake hajatimiza miaka 14 na kwamba ni afadhali viangazi viwili zaidi vipite kabla hajaozwa. Mlezi anaihesabu siku aliyozaliwa hadi kuifikisha usiku wa Julai 31. Mama naye anasema kwamba wapo mabibi wa heshima wa Verona, wadogo kuliko yeye, ambao tayari wana watoto, na kwamba yeye mwenyewe alimzaa Juliet akiwa na umri kama huo. Mwandishi anayelirudia jambo mara zote hizo anataka tulione.

Pale Upanga lilionekana, na mtazamaji wa Dar es Salaam hakuhitaji kuambiwa kwamba hayo ni mambo ya Italia ya kale. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na kwa kibali cha mahakama hata akiwa na 14, ilhali mvulana alitakiwa awe amefikisha 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwezi Oktoba 2019. Kwa hiyo mzee Capulet alipotamka ule umri jukwaani, minong'ono iliyopita kwenye viti ilikuwa ya watu wanaoijua kesi yenyewe, na Juliet, kwa hesabu ya sheria hiyo, alikuwa hajafikia hata kile kiwango cha chini kabisa. Mwongozaji amekuwa na busara ya kutoongeza neno lolote la mahubiri hapo. Ameacha tarakimu ifanye kazi yake.

Nchi hii ina mazoea ya kumsikia Shakespeare kwa Kiswahili. Tafsiri ya kwanza ya Mwalimu Nyerere, ya Julius Caesar, ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Samuel Mushi naye alitupa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka uliofuata. Waliosoma Tufani watamkumbuka Miranda, binti mwingine mdogo anayependa kwa mara ya kwanza, lakini Miranda ana baba mchawi anayepanga kila kitu kwa ajili yake, hata huyo mchumba anayemwona kwa mara ya kwanza amepangiwa. Juliet hapangiwi na mtu isipokuwa ndoa asiyoitaka. Maandishi ya onyesho hili ni ya kikundi chenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida kisicho na vina, chepesi masikioni, na kwa sehemu kubwa kinabeba mzigo wake vizuri. Verona imebaki Verona, majina yamebaki kama yalivyo, na mavazi ni ya vitenge vilivyoshonwa bila kudai nchi wala karne fulani. Jambo moja tu limevutwa hadi pwani yetu, nalo ni mlezi wa Juliet, ambaye hapa amefanywa kuwa somo, yaani mwanamke anayemfunda mwali.

Uamuzi huo ndio uliolijenga onyesho zima. Katika maandishi ya Shakespeare mlezi huyu ni mtumishi wa nyumba aliyemnyonyesha Juliet. Alikuwa na binti yake mwenyewe, Susan, wa umri ule ule, ambaye alikufa, na mapenzi yaliyokosa pa kwenda yakamwendea mtoto wa bwana wake. Mwigizaji wa Upanga, mama wa makamo mwenye sauti inayofika ukuta wa nyuma bila kipaza sauti, anaingia na khanga zake mbili, anamweka Juliet chini miguuni pake, anaanza kumsuka huku akizungumza, na mara moja kila mtu ukumbini anafahamu uhusiano ulivyo: huyu ndiye atakayemfundisha mwali mambo ambayo mama mzazi anaona haya kuyatamka. Ile simulizi ndefu ya siku ya kumwachisha ziwa, iliyoangukia siku ya tetemeko la ardhi miaka 11 iliyopita, ambayo katika maonyesho mengi hukatwa au hupigwa mbio kama kichekesho, hapa imeachwa yote. Alipofika mahali pa kupaka kitu kichungu kwenye chuchu ili mtoto alikatae ziwa, alisema ni shubiri, na vicheko vilivyotoka safu za akina mama havikuwa vya kumcheka. Vilikuwa vya watu waliowahi kufanya hivyo hivyo. Kisha akalitaja jina la Susan, akanyamaza kidogo, akaendelea kusuka. Katika sehemu hiyo moja tulielewa kwa nini anampenda mtoto huyu, na bila kuelewa hilo, yatakayotokea baadaye yasingeuma.

Juliet mwenyewe katika tukio hilo ana mistari isiyofika kumi. Anaitwa, anaitika, anauliza mama anataka nini, anamwomba somo anyamaze, na anapoulizwa habari ya kuolewa anajibu kwamba hiyo ni heshima ambayo hajawahi hata kuiota. Mwigizaji, ambaye nimeambiwa ni mwanafunzi wa chuo na kwa hakika ameupita umri wa miaka 13, hakujaribu kufanya sauti ya kitoto wala kurukaruka, mambo ambayo waigizaji wazima huyakimbilia wanapopewa nafasi ya mtoto. Aliingia akihema kama aliyeitwa kutoka kwenye rede, akakaa alipoambiwa akae, na alipoambiwa amtazame Paris kwenye karamu ili aone kama atampenda, akajibu kwamba atatazama, lakini jicho lake halitakwenda mbali kuliko ruhusa ya mama yake. Alilisema hilo kwa unyofu kamili, kwa sababu bado analiamini. Ni muhimu alisadiki, kwani kabla ya usiku kwisha atakuwa amelivunja.

Karamu na roshani nitazipita haraka, si kwa kuwa zilikuwa mbaya. Romeo ni kijana mwenye sura na mwendo, ila anapenda kupaza sauti mahali ambapo kunong'ona kungemfaa, na kwenye roshani tofauti yao ilijitokeza hata zaidi ya alivyokusudia: yeye anaapa kwa mwezi, binti anamkataza asiape kwa kitu kinachobadilika kila mwezi, yeye anapaa na maneno, binti anauliza amepandaje ukuta na kumwonya kwamba akikutwa atauawa. Ni Juliet anayesema kwamba jambo hili limekuwa la haraka mno, na ni Juliet huyo huyo, dakika chache baadaye, anayeleta habari ya ndoa: kama nia yako ni njema, nitumie ujumbe kesho, unieleze ni wapi na saa ngapi. Hakuna mshenga, hakuna wazee, hakuna posa. Mwigizaji aliyatamka masharti hayo huku akitazama nyuma kila somo alipomwita kutoka ndani, na kule kwenda na kurudi kati ya sauti mbili kulichekesha na kutisha kwa wakati mmoja.

Sasa nifike kwenye lalamiko langu kubwa, na hapa nitakaa kidogo. Mwanzoni mwa tukio la pili la tendo la tatu, Juliet, aliyefungishwa ndoa mchana huo na kasisi Lawrence, yuko peke yake akiungoja usiku. Shakespeare amempa hapo hotuba ya zaidi ya mistari 30, mojawapo ya zile nzuri zaidi katika tamthilia yote, ambamo anawahimiza farasi wa jua wakimbie ili giza liingie, anauita usiku kwa jina la bibi mwenye mavazi meusi aje amfundishe, na anamngojea mumewe bila hofu na bila kuficha. Kikundi cha Upanga kimeiacha mistari minne tu ya mwanzo, kisha somo anaingia mbio na habari za msiba. Ajabu ni kwamba wamefanya vile vile lilivyofanya toleo la kwanza la tamthilia hii, lililochapishwa mwaka 1597, ambalo nalo lina minne hiyo tu. Ni toleo la mwaka 1599 lililoileta hotuba nzima. Sidhani kwamba waliifuata nakala ya 1597. Nadhani waliogopa. Kuna wanafunzi wa sekondari ukumbini, kuna wazazi waliolipa kiingilio, na binti wa miaka 13 anayesema waziwazi kwamba anautamani usiku wa ndoa yake ni jambo ambalo mwongozaji yeyote mwenye akili atalifikiria kabla ya kulileta jukwaani.

Ninaielewa hofu hiyo, lakini sikubaliani na dawa yake. Hotuba yenyewe imefunikwa kwa mafumbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa namna ya kulisikiliza fumbo la namna hiyo. Nyimbo za taarabu na za harusi zimeyasema makubwa zaidi mbele ya wakwe, na kila mtu akasikia kwa kiwango cha umri wake. Zaidi ya hilo, ukiikata, unampokonya Juliet hatua moja nzima ya safari. Tunamwona mtoto, tunamwona mchumba, halafu ghafla tunamwona mke anayelia, bila kuiona ile saa ambayo alikuwa mke mwenye furaha. Katika mistari ile ndimo pia anaposema kwamba yuko kama mtoto aliyepewa nguo mpya usiku wa kuamkia sikukuu na haruhusiwi kuzivaa. Mtoto na mwanamke wamo katika sentensi moja. Kama kuna mahali ambapo mwandishi alituonyesha utu uzima unavyoingia bila utoto kuwa umeondoka, ni hapo, na mtazamaji wa Upanga hapati.

Kinachofuata kimechezwa vizuri. Somo anakuja na kilio kisichoeleweka, kiasi kwamba Juliet anadhani aliyekufa ni Romeo. Halafu inabainika kwamba aliyekufa ni binamu yake Tybalt, na aliyemuua ni Romeo, mume wa saa chache. Binti anamlaani mumewe kwa maneno yanayogongana, shetani mwenye sura ya malaika, kunguru mwenye manyoya ya njiwa, na somo anapoungana naye na kumtakia Romeo aibu, anageuka papo hapo na kumkaripia. Hiyo ndiyo mara ya kwanza anamkaripia mlezi wake kwa ukali wa kweli. Mwigizaji alilipokea karipio lake mwenyewe kwa mshangao, akaweka mkono mdomoni, halafu akaushusha na kuendelea. Nilipenda kwamba hakuomba radhi.

Halafu ndipo tunaingia kwenye tukio la tano la tendo la tatu, ambalo ndilo lililonifanya niandike tathmini hii. Romeo ameshuka kwa kamba alfajiri kwenda uhamishoni Mantua. Mama anaingia, na Juliet, kwa mara ya kwanza, anamjibu kwa maneno yenye pande mbili: mama anasikia binti anayemchukia muuaji wa binamu yake, sisi tunasikia mke anayemtamani mumewe. Mama anamletea kile anachokiita habari njema, kwamba Alhamisi asubuhi ataolewa na Paris katika kanisa la Mtakatifu Petro. Anakataa. Baba anaingia, na yule baba wa mwanzo, aliyetaka viangazi viwili vipite na aliyesema kwamba ridhaa yake inaufuata uchaguzi wa binti, hayupo tena. Anamwita mzigo, anasema vidole vinamwasha, anamwambia kwamba akiwa mtoto wake atampa rafiki yake, na kama hataki basi akajinyonge, akaombe, akafe njaa mitaani, hatamtambua. Mwigizaji wa Capulet ni hodari kupita wote baada ya yule somo, kwa sababu hakumfanya mzee huyu kuwa jini. Alikuwa baba wa kawaida aliyeshaahidi watu, aliyealika wageni, anayeona aibu inamjia, na alipokuwa akipiga kelele nilimwona mzee mmoja wa safu ya mbele akitazama chini. Binti anamgeukia mama, anamwomba asimtupe, aahirishe ndoa walau mwezi mmoja au wiki moja. Mama anasema afanye apendavyo, yeye amekwisha malizana naye. Anatoka.

Anabaki somo. Juliet anamwomba amfariji, amshauri, na mwongozaji ameliacha ombi hilo lichukue muda wake wote. Somo anafikiri. Halafu, kwa sauti ya upole kabisa, ya mtu anayeamini kwamba anasaidia, anamwambia aolewe na Paris: Romeo yuko mbali na hawezi kurudi kumdai, Paris ni muungwana, ukimlinganisha naye Romeo ni kitambaa cha kufutia vyombo, ndoa ya pili itaishinda ya kwanza. Ushauri huo si wa uovu. Ni ushauri wa mwanamke aliyeishi muda mrefu katika nyumba za wengine na anajua kwamba mtu hula kilichopo. Ndiyo maana unatisha. Juliet anamuuliza kama anasema hayo kwa moyo wake. Kwa moyo na kwa roho pia, anajibu. Binti anasema "Amina", na somo haelewi kwa nini.

Hapo mwigizaji alifanya kitu ambacho hakimo katika maandishi na ambacho, kwa maoni yangu, kinafaa. Tangu mwanzo wa tukio somo alikuwa amemfunika mabegani kwa khanga yake moja. Juliet aliivua, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia kwa mikono miwili kwa adabu ile ile aliyolelewa nayo, akamwambia kwamba amemfariji sana, na kwamba akamwambie mama kuwa anakwenda kwa kasisi kuungama. Huo ni uongo wake wa kwanza kwa mtu huyu. Hakuwahi kumficha jambo: somo ndiye aliyepeleka ujumbe kwa Romeo, somo ndiye aliyeileta ngazi ya kamba. Somo alipotoka tu, sauti ya binti ilibadilika, akamwita bibi kizee mlaaniwa, akasema kwamba kuanzia sasa mshauri huyo na moyo wake vitakuwa mbalimbali, na kwamba kama mengine yote yakishindikana anayo nguvu ya kufa.

Wale waliopitia unyago, au waliozisikia ngoma zake Uzaramoni na kwingineko pwani, wanajua kwamba mwali hatolewi nje peke yake. Anatoka na somo ubavuni, wanawake wakimzunguka, na watu wanamtazama kwa sababu kuna waliomwandaa na wanaomdhamini. Onyesho hili, kwa kumfanya mlezi kuwa somo, limetuwezesha kuona ukubwa wa kile kilichoharibika katika chumba kile: mwali huyu anatoka ndani bila mtu, kwa mlango wa uongo, na hakuna ngoma. Ninakiri kwamba nimeitazama tamthilia hii kwa namna mbalimbali, kwenye filamu na madarasani, na hakuna toleo lililonionyesha hilo waziwazi namna hii.

Baada ya hapo Juliet wa Upanga ni mtu mwingine, na mabadiliko yako katika mambo madogo. Kwa kasisi anamkuta Paris, anayemsalimu kwa jina la mke, naye anamjibu kwa utulivu wa mtu mzima aliyejifunza kusema ukweli bila kusema lolote: lazima iwe itakavyokuwa. Hahemi tena. Kasisi anapomweleza mpango wa dawa itakayomfanya aonekane maiti kwa saa 42, anainyoosha mikono kuipokea kabla hajamaliza sentensi. Paris, kwa bahati mbaya, amefanywa kuwa mjinga wa kuchekesha mwenye miwani ya jua, jambo linaloirahisishia hadhira kazi ambayo mwandishi hakuirahisisha. Paris wa Shakespeare hana kosa kubwa, na hilo ndilo linaloufanya ushauri wa somo uwe na mantiki.

Usiku wa dawa ni kilele cha pili, na hotuba hii, nashukuru, haikukatwa. Amewaaga mama na somo, ameomba alale peke yake. Hofu inamwingia baridi kwenye mishipa, anataka kuwaita warudi kumfariji, na analiita jina la mlezi wake. Kisha anajizuia na kujiuliza, atafanya nini hapa? Tukio hili la huzuni ni lazima aliigize peke yake. Mwigizaji alikuwa ameshafika nusu ya njia kuelekea mlangoni alipojizuia. Kisha hofu zinakuja moja moja, na kila moja ina akili: kama dawa haifanyi kazi, kama kasisi amempa sumu ili kuificha ndoa aliyoifungisha, kama ataamka kabla Romeo hajafika na kukosa hewa katika kuba la ukoo, kama atashikwa na wazimu kati ya mifupa ya mababu, Tybalt akiwa bado mbichi ndani ya sanda. Kwa bahati mbaya fundi wa sauti aliamua kwamba hapa panahitaji kinanda, na akakipandisha kadiri hofu ilivyopanda, hata sehemu ya Tybalt sikuisikia vizuri. Mtu amwambie. Binti yule hahitaji kusaidiwa.

Mwisho umechezwa kwa haraka, labda kwa sababu walianza wamechelewa. Juliet anaamka kaburini, Romeo amekwisha kunywa sumu na kufa, kasisi anasikia walinzi wanakuja, anamwambia binti amfuate, atamtafutia nafasi kwa masista, kisha anasema hawezi kukaa zaidi, na anakimbia. Huyu ndiye mtu mzima wa nne kumwacha, baada ya baba, mama na somo, na kukimbia kwake kulipaswa kutuumiza. Mwigizaji wa kasisi alijikwaa kwenye kanzu yake, watu wakacheka, na kicheko kikamfuata Juliet hadi kwenye jambia. Alijitahidi kutuvuta tena, na karibu afanikiwe. Kikundi kimeyaondoa maelezo marefu ya kasisi mbele ya Mtawala, na katika hilo sina ugomvi, lakini kimewaacha wale baba wawili waahidiane sanamu za dhahabu za watoto wao. Capulet alilitamka neno dhahabu kwa sauti ile ile ya kupanga karamu ya harusi, na hilo lilitosha.

Kuhusu huduma yenyewe: kiingilio ni shilingi 15,000 na wanafunzi wanalipa 5,000 wakionyesha kitambulisho, malipo yanafanyika kwa simu au mlangoni. Tangazo linasema saa 12:30 jioni, lakini jioni niliyokwenda pazia halikufunguliwa hadi baada ya saa 1, na hakuna aliyesimama kutueleza sababu. Viti ni vya plastiki na havina mito; onyesho linachukua takriban saa mbili na nusu, lenye mapumziko baada ya kifo cha Tybalt, ambapo nje kunauzwa sambusa nzuri na kahawa ya tangawizi iliyo bora kuliko sambusa. Watoto chini ya miaka 12 nisingewaleta, si kwa ajili ya mapenzi, ambayo yamepunguzwa mno, ila kwa sababu ya tukio la baba na binti, ambalo lilimliza msichana mmoja aliyekaa karibu nami. Wenye mabinti wa sekondari waje nao. Kaeni upande wa kulia, mbali na spika, safu ya tatu au ya nne, na kama mwongozaji atairudisha ile hotuba ya usiku kabla msimu haujaisha, nitalipa kiingilio tena na kumleta dada yangu.